Neno la Siri ni Habakuki

Mke wangu ameniruhusu niisimulie hii kwa sharti moja: nisijipunguzie aibu. Kwa hiyo naanza na lile la kwanza, ambalo mimi ningeliruka.

Mwaka jana mama mmoja mjane wa Marekani aliniandikia Facebook. Anakufa kwa saratani, hana mtoto, na Bwana amemwonyesha katika ndoto kwamba dola zake milioni mbili zije kwangu mimi, Kimara Mwisho, zifanye kazi ya injili. Sikujiuliza Bwana amewapita watumishi wangapi njiani mpaka kufika kwangu. Nilituma 85,000 za muhuri wa benki. Mjane nadhani alipona, maana hakunitafuta tena.

Mtu akishatapeliwa mara moja hugeuka profesa. Nilimwomba Mchungaji nifundishe Jumatano baada ya maombi, somo liwe matapeli wanaokuja na "Bwana asifiwe". Akasema ni vyema, ila yeye wiki hiyo atakuwa Morogoro kwenye semina. Hilo la Morogoro likumbukeni.

Nilifundisha vizuri, hata wasionipenda wanakubali. Niliandika ubaoni ule ujumbe ambao kila mwenye simu nchi hii ameshaupata: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja..." Nikawaambia wakisome kile kijina kinachotokea kabla hujaweka namba ya siri, wasisome hadithi inayokuja nacho. Nikawapigisha wote *106# waone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Mama mmoja wa sauti ya alto akakuta nne, na yeye ana moja. Somo likasimama tukimwombea. Nikawapa 15040, namba ya kuripotia ujumbe wa kitapeli. Nikamalizia kwamba simu ya tapeli haipokelewi, kwa sababu ukimsikiliza tu anakuchota akili. Hilo la mwisho nililitoa kwenye daladala.

Likabaki neno la siri. Yeyote atakayeomba hela kwenye grupu letu la WhatsApp, aulizwe neno kwanza. Dada mmoja akapendekeza "Yesu". Mzee wa kanisa akakataa: hata wezi wanamjua Yesu, wawili walisulubiwa naye. "Melkizedeki" likaanguka kwenye tahajia. Tukakubaliana Habakuki, kitabu cha sura tatu ambacho wengi wetu hukipitia tukiwa tunatafuta Malaki, mwezi wa zaka.

Huyu Mzee wa kanisa nimtambulishe kidogo. Wakati waumini wa makanisa mengi walipokuwa wakipanda mbegu zao DECI, ule upatu wa fedha, wakisubiri kuvuna, mpaka serikali ikaingilia kati mwaka 2009, yeye hakupanda hata senti. Tangu hapo hapiti mwezi bila kutukumbusha. Ndiye aliyefunga somo langu kwa sala, akaomba Mungu awafumbue macho "hawa wadogo zangu wanaoamini kila kitu".

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, ujumbe ukaingia kwa namba ngeni.

"Bwana asifiwe mtumishi. Ni Mchungaji. Gari limekata fenibelti hapa Chalinze, simu nimeisahau Morogoro. Namba yako nimeiona kwenye bahasha ya ahadi. Nitumie 60,000 kwa namba hii ya fundi."

Jamani. Kila kitu nilichokiandika ubaoni kilikuwa humo, kimejipanga. Namba ngeni, dharura, mtu wa Mungu, jina la mwingine. Ilikuwa kama mwalimu anayesahihisha mtihani alioutunga mwenyewe. Simu ikaita mara tatu kutoka namba ileile. Niliiacha mezani nikaitazama ikitetemeka, mikono nimeifunga kifuani.

Nikaandika: "Neno la siri?"

"Siri gani tena?"

"Kama ni Mchungaji, siku ya harusi yangu ulihubiri nini?"

"Waefeso 5."

Nikacheka peke yangu sebuleni. Waefeso 5! Kuna harusi gani nchi hii haijahubiriwa Waefeso 5? Nikabana zaidi: "Siku mwanangu wa pili alipowekwa wakfu, madhabahuni alilia nani?"

"Wewe."

Ni kweli nililia mimi. Hapa mtu mwenye akili timamu angesimama. Mimi nilijiambia ameotea: ama mtoto, ama mama, ama baba, kapiga bahati nasibu. Nikaandika kwa herufi kubwa: "PEPO LA UTAPELI, NAKUKEMEA, RUDI KUZIMU." Ujumbe wake nikaupeleka 15040, nikaulizwa namba iliyoutuma, nikaiandika tarakimu kwa tarakimu kwa raha zote. Halafu nikapiga skrinshoti ya mazungumzo yetu na kuitundika kwenye grupu: "Wapendwa, somo limezaa matunda."

Amina zikamiminika. Moto, mikono ya kuombea, tarumbeta. Mzee wa kanisa akaandika: "Kijana amekomaa."

Katikati ya shangwe hiyo, katibu wa kwaya akanijia pembeni, picha yake ileile ya sare ya zambarau: "Bwana asifiwe kaka yangu, hongera kwa ushindi. Naandikisha majina ya kongamano la maombi, kuna namba sita zimeingia kwako kwa SMS kwa bahati mbaya, naomba unirushie." Kweli zilikuwepo. Ujumbe wenyewe ulisema usimpe mtu namba hizi. Niliusoma. Nikajisemea, katibu si mtu baki. Nikazirusha, nikaweka na kialama cha tabasamu, nikaenda kunawa mikono.

Tulikuwa tunakula ugali na dagaa mke wangu alipoinua simu yake, akaitazama, akanitazama, akaitazama tena.

"Uko hospitali?"

"Hospitali gani?"

"Hapa umeandika uko hospitali, umepata ajali, unahitaji 150,000, kesho asubuhi unarudisha."

Ilikuwa ni mimi. Sura yangu, tai yangu ya maruni, naomba hela. Nikashika simu yangu: WhatsApp inaniambia namba yangu inatumika kwenye simu nyingine. Tonge likanikaa kooni.

Mke wangu akaendelea kunisomea. Mzee wa kanisa alikuwa amejibu: "Pole sana mtumishi. Ila kwanza, neno la siri." Naapa, machozi yalinilengalenga kwa fahari. Mwanafunzi wangu huyo! Grupu likanyamaza. Yule mimi wa hospitali akaandika, "Neno lipi Mzee?" Nikapiga meza: kashikwa!

Ndipo yule mama wa alto, mwenye laini nne, akaingia: "Maskini mtumishi, maumivu yamemzidi, amesahau hata Habakuki."

Sekunde tatu.

"Habakuki," akaandika mwizi.

"Sawa," akasema Mzee. "Leta namba."

Namba ikaja, na maelezo kwamba jina litakalotokea ni la nesi. Mke wangu akaacha ugali, akaandika haraka kwa vidole vyenye mchuzi: "Msitume! Mume wangu yuko hapa anakula dagaa!" Kabla hajapumua, akatolewa kwenye grupu. Admini nilikuwa mimi. Kwa hiyo kwa macho ya kanisa zima, mimi niliye mahututi nimemfukuza mke wangu kwa kusema nakula dagaa. Baadaye tulisikia kwamba mtu aliandika, "Hii ndoa tuiombee."

Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wa kwanza hakupokea, nilimfundisha mwenyewe. Wa pili alipokea akakata. Mzee wa kanisa alipokea, nikamwambia ni mimi kweli, akaniambia nitaje neno.

"Habakuki!"

"Hata yule kasema Habakuki."

"Mzee, yule ni mwizi!"

"Na wewe je?"

Nilikosa jibu. Ikabidi nichukue bodaboda mpaka kwake nikasimame chini ya taa ya barazani anione mzima mzima. Alinikagua juu mpaka chini akitafuta bandeji. Alikuwa ameshatuma 50,000. Dada wa soprano 20,000. Kijana mmoja wa ngoma 5,000, na huyu peke yake ndiye aliyerudishiwa, kwa kuwa aliwahi kupiga huduma kwa wateja. Za wengine zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Akina mama watatu tuliwapata wakiwa ndani ya bajaji na chupa ya uji, wananitafuta wodini. Na katibu wa kwaya wa kweli alikuwa amelala tangu mchana, simu yake kaibiwa WhatsApp kwa mtindo uleule.

Usiku nikaisajili upya namba yangu, mwizi akatoka. Lakini alikuwa ameshaweka namba yake ya ulinzi humo ndani, nami nikaambiwa nisubiri siku 7. Miriamu, dada yake Musa, naye alifungiwa nje ya marago siku saba. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha hilo, na alikuwa akinikumbusha kila siku.

Kuna mwenye gari niliyekuwa nimemsahau. Mchungaji aliingia nyumbani kwake saa sita usiku. Fundi wa Chalinze, asiyemjua wala kumsikia, alimfungia fenibelti mpya kwa mkopo na kumnunulia chai. Jumapili Mchungaji alipanda madhabahuni, akafungua Biblia, akatafuta kurasa taratibu sana.

"Leo," akasema, "tutasoma Waefeso 5."

Nilicheka ili isionekane kwamba ni mimi ninayesemwa. Nusu ya kanisa ikageuka kuniangalia.

Jumatatu nikamtumia fundi 60,000 zake, na 10,000 ya kumwomba radhi kwa kumwita pepo. Jina likatokea, nikalisoma mara mbili, nikaweka namba ya siri. Halafu nikampigia kuhakikisha. Nyuma yake nasikia nyundo na redio.

"Zimeingia," akasema. "Ila nitajuaje ni wewe kweli? Mchungaji aliniambia mna neno."

"Fundi, hela si umeipata?"

"Neno kwanza."

"Habakuki."

"Ngoja," akasema, na redio ikazimwa. "Naweka spika, wenzangu hawajasikia. Rudia."