Picha ya ubongo isiamue nani apasuliwe

Kila ninapoona kichwa cha habari kinachodai kwamba picha za ubongo sasa zinatabiri nani atafaidika na upasuaji wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko, huwaza familia itakayokisoma. Itaelewa kwamba mgonjwa anapigwa picha, kompyuta inatoa jibu, na jibu hilo ndilo linaloamua kama apasuliwe au asipasuliwe. Utafiti unaotajwa mara nyingi hausemi hivyo, na kwa mtu mwenye mzazi anayetetemeka nyumbani tofauti hiyo si ndogo.

Upasuaji wenyewe hauponyi Parkinson. Daktari hupitisha waya mwembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, mara nyingi mmoja kila upande, na kuziunganisha na betri iliyowekwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme mdogo unaotoka hapo hupunguza mtetemeko, kukakamaa kwa misuli na uzito wa mwendo. Njia hii ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, pale daktari Alim-Louis Benabid na wenzake walipoona umeme wa kasi kubwa ukizima mtetemeko mgonjwa akiwa bado mezani. Miaka michache baadaye walihamia kwenye kiini kilicho chini ya thalamasi, sehemu iliyo ndani katikati ya ubongo. Kiini hicho kina upana wa milimita chache tu. Kwa udogo huo, waya ukikosea milimita mbili unaweza kuwa umekosa sehemu inayohitajika.

Mwaka 2017 mtafiti Andreas Horn na wenzake walichapisha utafiti uliowapa wengi matumaini. Walichukua wagonjwa 51 waliokwisha kupasuliwa, wakatafuta kwa picha waya umekaa wapi hasa kwa kila mmoja, wakakadiria umeme unaenea hadi wapi, kisha wakauliza sehemu hiyo inawasiliana na maeneo gani mengine ya ubongo. Waliopata nafuu kubwa walikuwa na mfanano: umeme wao uligusa njia zinazokwenda kwenye eneo linalopanga mwendo. Kwa kutumia mfanano huo wakakadiria nafuu ya wagonjwa wengine 44 wa kituo kingine. Kazi nzuri, tena ya uangalifu.

Lakini angalia mpangilio wake. Utabiri ulifanywa waya ukiwa tayari kichwani. Hakuna mgonjwa aliyeketi na daktari kabla ya kisu akaambiwa, picha yako inasema utafaidika. Na ramani ya mawasiliano ya ubongo iliyotumika haikuwa ya mgonjwa mwenyewe. Ilitokana na ubongo wa watu wengine, wakiwemo watu wenye afya wapatao 1,000. Kwa hiyo utafiti unatueleza mahali pazuri pa kuweka umeme. Kumwambia mzee wa miaka 68 kwamba yeye afanyiwe na mwenzake arudi nyumbani ni suala jingine kabisa, na hapo ndipo ninapopinga.

Kosa la wastani la utabiri ule lilikuwa asilimia 15 za nafuu. Kwa mtafiti hayo ni mafanikio. Kwa mgonjwa maana yake ni kwamba aliyetabiriwa nafuu ya asilimia 45 anaweza kupata 30 au 60, na kwa kuwa huo ni wastani, wapo waliokwenda mbali zaidi ya hapo. Asilimia 30 na 60 ni maisha mawili tofauti: mmoja bado anavalishwa shati, mwingine anafunga vifungo mwenyewe.

Tena, nafuu inayotabiriwa ni ya nini? Ni alama anazotoa daktari akimwangalia mgonjwa anavyogonganisha vidole, anavyoinuka kitini, anavyotembea. Nyumbani watu huuliza mengine. Je, baba ataongea tukamsikia? Ataacha kuanguka akienda msalani usiku? Sauti na kusimama bila kuyumba ni mambo ambayo upasuaji huu mara nyingi hauyasaidii sana, na kwa baadhi ya wagonjwa usemi huzidi kuwa mzito. Mtu anaweza kupata alama nzuri kabisa huku mkewe akishindwa kuelewa anachosema kwenye simu. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti kubwa zaidi.

Mahali ninapoona picha zina thamani ya kweli ni baada ya upasuaji. Kurekebisha umeme huchukua miezi: nguvu kiasi gani, sehemu ipi ya waya, mgonjwa akirudi kliniki tena na tena huku akichoka. Mwaka 2021 kikundi cha Toronto, Kanada, kilipiga picha za wagonjwa 67 kifaa kikiwa kinafanya kazi, na kompyuta ikaweza kutofautisha mpangilio mzuri na usiofaa kwa usahihi wa asilimia 88. Huko hakuna anayefungiwa mlango. Anayefaidika ni yule aliyekwisha kubeba hatari ya kupasuliwa kichwa.

Hofu yangu ni kwamba upasuaji ni ghali, na palipo na foleni watu hutafuta kigezo cha kukata majina. Namba kutoka kwenye kompyuta ni kigezo chepesi. Nayo imejifunza kutoka kwa watu waliofika hospitali kubwa za Ulaya, wakapata dawa kwa miaka, wakachaguliwa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaugua nini. Siku huduma hii itakapowafikia watu kama hao, wasipimwe kwa kipimo ambacho hakikuwahi kuwaona.

Tayari madaktari wana jaribio rahisi: mgonjwa anapimwa bila levodopa, dawa kuu ya Parkinson, anapewa dozi, anapimwa tena. Akibadilika sana, kuna matumaini. Picha iongezwe hapo kama sauti moja mezani, pamoja na umri, kumbukumbu na hali ya hisia za mgonjwa. Nao watafiti, wanapoandaa utabiri mwingine, waweke usemi na kuanguka miongoni mwa mambo wanayoyatabiri, na wawaulize wanaomuuguza mgonjwa nyumbani.