Chura wa Kihansi na aksoloti: yupi ameokolewa kweli?

Tangu mwaka 2000 Watanzania tumeulizana, mara nyingi kwa kejeli: vyura wa Kihansi walipandishwa ndege kwenda Marekani kufanya nini? Ukimlinganisha na aksoloti, salamanda wa Mexico, swali hilo linapata uzito.

Aksoloti ana umbo la mjusi, ila ni amfibia. Huzeeka akiwa bado na matamvua yake, yametokeza pembeni mwa kichwa kama manyoya, na akikatwa mguu huotesha mwingine, mifupa na yote. Ndiyo maana wanasayansi wamemfuga tangu alipofikishwa Paris katika miaka ya 1860. Leo amejaa kwenye maabara na matangi ya wafugaji dunia nzima. Lakini kwao, kwenye mifereji ya Xochimilco jijini Mexico, hesabu ya 1998 ilipata takriban 6,000 kwa kilomita ya mraba. Ya 2014 ikapata 36. Maji machafu ya jiji yamechangia, pamoja na samaki aina ya perege na kapu waliopandikizwa humo.

Chura wetu hana faida ya namna hiyo. Ni wa manjano, hata jike hafiki sentimita 3, na huzaa vichura kamili badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, eneo la hekta chache tu, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa tayari unajengwa. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Baadaye idadi yake ikaporomoka, na kuvu hatari wa ngozi akaonekana bondeni. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Wajukuu wa wale 499 waliopelekwa Marekani ndio walioanza kurudishwa bondeni 2012.

Wanaolalamikia gharama wana hoja: nchi iliyokuwa na vijiji visivyo na umeme ilitandika mabomba ya kunyunyizia vyura maji. Na bila mabomba hayo, bonde linakauka tena. Hata hivyo naona Kihansi imefanya jambo gumu zaidi, kwa sababu imehangaikia makazi yenyewe. Umaarufu wa aksoloti umemfikisha hadi kwenye noti ya peso 50, bila kuisafisha mifereji yake. Wapo wakulima wa chinampa, yaani mashamba yaliyoinuliwa kati ya mifereji hiyo, wanaoshirikiana na watafiti kuzuia samaki wageni kwa vichujio. Fedha zingeanzia kwao, kabla ya kununua tangi jingine.