Mtoto mwenye wasiwasi asifundishwe kukwepa

Tumbo linaanza kuuma Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi mtoto hataki kifungua kinywa, analia, anaomba abaki nyumbani asiende shule. Akikubaliwa, saa nne anacheza kama kawaida, na watu wazima wanasema alikuwa anadanganya. Mimi sikubaliani nao kabisa. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, homoni ya kuuandaa kupigana au kukimbia; moyo huenda mbio, damu hupungua tumboni na kukimbilia kwenye misuli. Maumivu yale ni ya kweli. Ukimwambia aache kudeka, atajifunza kukuficha.

Lakini kumbakiza nyumbani nako kunamdhuru. Siku hiyo anapata nafuu, nasi wazazi tunapumua, ila akilini mwake inabaki kwamba kilichomwokoa ni kukwepa. Kesho yake hofu inarudi na nguvu zaidi. Kujibu maswali yake yasiyoisha nako huilisha hofu vivyo hivyo: “Utakuja kunichukua? Kweli? Na ukichelewa?” Mjibu mara moja, kwa upole. Ukimjibu mara kumi, anahitaji la kumi na moja.

Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifanya utafiti kwa watoto 124 wenye wasiwasi. Kundi moja walipewa tiba ya fikra na tabia, yaani mazungumzo na mtaalamu ya kubadili mawazo na mazoea yanayolisha hofu. Kwa kundi la pili walifundishwa wazazi tu, mtoto hakukutana na mtaalamu. Makundi yote mawili yalipata nafuu inayokaribiana. Wazazi wale walijifunza kuikubali hofu ya mtoto, huku wakipunguza yale wanayomfanyia ili aikwepe.

Kwanza hakikisha hakuna anayemwonea huko shuleni, maana hofu nyingine zina sababu. Kama hakuna, mwambie: “Najua unaogopa, na najua utaweza.” Halafu aende. Ikimshinda, gawanya safari: leo mpaka getini, siku nyingine mpaka mlango wa darasa, na kila mahali akae kidogo mpaka hofu ishuke yenyewe. Pumueni pamoja, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

Nasema pamoja kwa sababu mtoto anasoma uso wako kabla ya maneno yako. Ukimuaga mara tano huku umemshika mkono kwa nguvu, ameshaelewa kuwa hata wewe unaogopa. Muage mara moja, uondoke.

Wiki zikipita mtoto hapati usingizi, hali chakula vizuri, au shule imemshinda kabisa, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Na uombe ufundishwe wewe pia.