Nembo Tumeiona, Sasa Leteni Faili

Mradi mwingine wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, umetangaza nembo mpya wiki hii. Hongereni. Rangi zimetulia, herufi zimenyooka, na chini ya tangazo kuna mwito uleule wa kila mwaka: karibuni mchangie. Haya, fungua repo, yaani hifadhi ya faili za mradi, uitafute hiyo nembo. Utakuta PNG moja, picha ya nukta, ya pikseli 200, nyuma nyeupe pepe. SVG, picha ya mistari inayokuzwa bila kuharibika, hakuna; jina la fonti, yaani mtindo wa herufi, hakuna, wala neno moja la kusema nani anaruhusiwa kuitumia. Wageni wamealikwa karamuni, sahani zimefungiwa kabatini.

Nembo haivuti wachangiaji kwa uzuri wake. Mtazame Tux, pengwini wa mfumo wa kompyuta wa Linux. Larry Ewing alimchora mwaka 1996 kwa GIMP, programu huria ya picha, akaruhusu yeyote amtumie na kumbadilisha, ilimradi akiulizwa amtaje yeye na GIMP. Tangu hapo pengwini huyo amevishwa kila vazi. Gopher, panya wa lugha ya programu ya Go, aliyechorwa na Renee French, ana leseni ya Creative Commons inayodai mchoraji atajwe, basi. Ferris, kaa wa lugha ya programu ya Rust, hata si rasmi; Karen Rustad Tölva aliyemchora amemwachia umma. Anayemvisha kaa kofia ameshusha faili, amelifungua kwenye programu ya kuchora ya Inkscape, amelibadilisha, amelirudisha kwa wenzake. Njia ya kuchangia msimbo ni hiyohiyo, ila hapa hakuna kompaila, ile programu inayokagua msimbo, ya kumfokea.

Mkidhani leseni ya nembo ni porojo za wanasheria, kumbukeni mwaka 2006. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, iliwaambia Debian, mradi unaosambaza Linux, kwamba jina la Firefox haliwezi kutumika bila nembo yake rasmi, na nembo hiyo haikuwa huria kwa masharti ya Debian. Debian wakakiita kivinjari Iceweasel hadi 2016. Miaka kumi, na ugomvi ulianzia kwenye picha ya mbweha!

Nakubali, shingo upande, kwamba matapeli wapo na jina la mradi lahitaji ulinzi. Lakini Debian haohao wana nembo mbili: kizingo chekundu cha kila mtu, na ile yenye chupa kwa mambo rasmi. Imewezekana.

Sasa kazi yenyewe. Wekeni folda ya nembo ndani ya repo ya mradi, pamoja na leseni yake, si kwenye akaunti ya mtu binafsi. Humo ziwemo SVG mbili: moja ambayo maandishi bado yanaharirika, nyingine ambayo yamegeuzwa kuwa maumbo. Mkitoa ya kwanza peke yake, kompyuta isiyo na fonti ile itachomeka nyingine, na jina la mradi litatoka limevimba kama uso uliong'atwa na nyuki. Mkitoa ya pili peke yake, kundi la Mombasa linalotaka kuandika jina la mji wao chini ya nembo halina pa kuanzia. Fonti nayo iwe ya leseni huria kama SIL Open Font, la sivyo huenda kila mtengeneza stika akalazimika kuinunua.

Ijaribuni nembo kwa pikseli 16, ukubwa wa ikoni ndogo ya kivinjari. Kama imegeuka doa, chora toleo jepesi. Nembo nyeusi hupotelea kwenye mandhari meusi ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia repo, kwa hiyo kwenye README, faili la maelezo la mradi, tumieni tagi ya HTML ya picture yenye prefers-color-scheme, inayochagua picha kulingana na mandhari, kila mandhari na picha yake. Kijipicha kinachoonekana mtu akisambaza kiungo cha repo ya GitHub ni pikseli 1280 kwa 640. Stika za pembe sita huwa na urefu wa inchi 2. Acheni milimita 3 za rangi nje ya mstari wa kukata, maana kisu kikiyumba mtapata ukingo mweupe. Na ile kijani inayowaka kwenye skrini, ikifika kwa mchapaji ndani ya CMYK, zile wino nne za uchapaji, itakuwa rangi ya mlenda.

Mashindano ya nembo yenye zawadi ya "kujulikana" sitayasemea sana: wachoraji ishirini wanafanya kazi bure, kumi na tisa wanaondoka wamenuna, na hao ndio mliokuwa mkiwatafuta.

Waliotangaza wiki hii bado wana nafasi. Faili halisi bila shaka liko kwenye kompyuta ya aliyewachorea. Mwombeni leo, kabla hajaiuza kompyuta hiyo.