Lamu ni salama? Sema kwanza utapita wapi

Mpwa wangu anaishi Birmingham. Alipotaka kuja Maulidi ya Lamu alinipigia simu na lile swali ambalo watu wa pwani tumelisikia hadi tumechoka: "Mjomba, huko kuko salama?" Nikamjibu papo hapo, kama ajibuvyo kila mtu wa huku: kuko shwari, njoo. Nilipokata simu nikajiona nimemwambia nusu ya maneno. Sikumuuliza atakuja kwa njia gani.

Historia ya nyuma haina haja ya kurudiwa kwa urefu. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu, kisha Manda, visiwa jirani na Lamu, wakapelekwa Somalia. Oktoba mwaka huohuo jeshi la Kenya likavuka mpaka kuwasaka wanamgambo wa al-Shabaab. Juni 2014 ikaja Mpeketoni, mji wa Lamu bara, ukashambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Tangu hapo balozi za nje zimekuwa zikituchorea ramani za rangi, nasi tumekuwa tukizilaani. Mimi mwenyewe nimezilaani sana. Lakini kisa kinachonikaa rohoni kuliko vyote kuhusu maonyo hayo si cha Lamu. Ni cha Diani, mji wa ufukweni kusini mwa Mombasa.

Katikati ya Mei 2014 Uingereza iliwashauri raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa, pamoja na ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi, isipokuwa kwa safari ya lazima. Lisome onyo hilo pole pole. Diani haimo. Uwanja wa ndege wa Moi, wa Mombasa, haumo. Aliyeliandika alipima mipaka yake kama fundi cherehani, na kwenye karatasi Diani ilikuwa imepona.

Ila mgeni akishuka Moi, Diani atafikaje? Enzi hizo barabara ya Dongo Kundu, inayokwepa kisiwa, haikuwapo. Gari lilipita Makupa, likaingia kisiwani, likapanga foleni kwenye feri ya Likoni, likavuka, likashika barabara ya kusini hadi kuipita Tiwi. Yaani kila kilichokatazwa kilikuwa njiani kwenda kusikokatazwa. Serikali ya Uingereza haimzuii mtu kusafiri, inashauri tu. Lakini bima nyingi za safari hazimlipi aliyekwenda kinyume cha ushauri huo, na kampuni za utalii huogopa kumbeba mteja asiye na bima. Kampuni za Kiingereza za Thomson na First Choice ziliwarudisha kwao mamia ya watalii na kusitisha safari za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Ushauri ukawa amri bila mtu yeyote kuamrisha.

Mara nyingi namfikiria mfua mashuka wa hoteli moja ya Diani katika miezi ile. Mji wake haukutajwa popote kuwa ni hatari. Alipoteza mshahara kwa sababu ya feri. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba kosa letu kubwa, sisi na hao waandika maonyo, ni kuuliza habari za mahali na kusahau habari za njia.

Nairudisha hoja hiyo Lamu. Kwa miaka kadhaa sasa ushauri wa Uingereza umekuwa ukiviacha nje visiwa vya Lamu na Manda, huku ukionya juu ya bara ya kaunti hiyo, na unamwambia msafiri aende kwa ndege, asiende kwa barabara. Hapo nakiri wamejifunza. Ndege inatua Manda, unashuka hatua chache hadi kwenye gati, unapanda boti, dakika chache uko mjini na punda wanakupisha kwa shida. Hujakanyaga Witu wala Nyongoro, kwenye barabara ya bara. Mtu aliyefika kwa namna hiyo na aliyekuja kwa basi wamelala mji mmoja, lakini safari walizofanya hazifanani kwa lolote.

Wasomao vichwa vya habari tu huchanganya mambo haya kila siku. Mwanzoni mwa Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro na abiria wakauawa. Siku tatu baadaye, tarehe 5, Wamarekani watatu waliuawa kwenye kambi ya jeshi ya Manda Bay. Dunia ikasikia "Manda" na watu wakafuta vyumba kisiwani. Kambi hiyo iko Magogoni, bara, ng'ambo ya maji. Jina tu ndilo limevuka bahari.

Na kuna jambo la ukaidi kidogo ambalo Walamu hupenda kulisema, nami nalisema nao. Shambulio la duka kubwa la Westgate lilikuwa Nairobi, 2013, watu 67 wakauawa. La hoteli ya Dusit lilikuwa Nairobi, 2019, watu 21. Nani aliacha kwenda Nairobi? Mji mkuu una mikutano, una ofisi za Umoja wa Mataifa, hauwezi kupakwa rangi nyekundu. Lamu ina mikoko, Maulidi na mashua, basi inapakika.

Hata hivyo lazima niwape haki yao waandika maonyo, maana wenzangu wengi hawawapi. Mei ile ya 2014 serikali yetu ilikasirika, ikasema hilo si tendo la kirafiki. Mabomu yalilipuka soko la Gikomba, Nairobi, kabla hasira haijapoa. Mwezi mmoja baadaye ikawa Mpeketoni. Kwa hiyo waliotuonya hawakuwa wazushi, na sisi tuliosema "shwari" tulikuwa na sababu ya kusema hivyo hata kama si shwari: ugali wetu. Mwenye nyumba ya wageni Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, hawezi kuwa shahidi pekee wa usalama wa Shela. Mama wa Kifaransa aliyetekwa 2011 na kufia mikononi mwa watekaji alichukuliwa ng'ambo tu ya hapo, ufukweni Manda, na watu waliokuja kwa boti. Bahari nayo ni njia.

Ukitaka hesabu iliyo bora kuliko ya ubalozi na ya mwenye hoteli, kamuulize anayepanda basi la Mombasa hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, mara mbili kwa mwezi. Hatakwambia "salama" wala "hatari". Atakwambia panda la alfajiri, ufike Mokowe jua likiwa bado juu. Atakwambia Gamba, njiani, mtasimamishwa mngoje magari mengine, msindikizwe na polisi, usinung'unike. Atakwambia ukisikia wiki hii kumetokea jambo Witu, subiri siku chache. Niliwahi kumsikia karani wa basi akimkatalia kijana tiketi ya gari la kuchelewa. "Pesa yako nzuri," akamwambia, "lakini kesho pia ni nzuri." Yule karani alikuwa amefanya tathmini kamili, ya saa, njia na habari za juzi.

Kipimo hicho kinafaa hata mbali na hapa. Goma, mashariki mwa Kongo, iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025, na mtu mwenye akili hapangi matembezi huko. Lakini ukimwambia mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa kwamba "Kongo kuna vita", atakuangalia tu. Nchi ile ni zaidi ya Tanzania mbili.

Tena, kwa kuwa tunazungumzia hatari: nimevuka Mokowe hadi Lamu usiku, boti imejaa, maboya ya kujiokolea yamefungwa kamba chini ya viti na nahodha anatazama simu. Katika simu zote nilizopokea za "kuko salama?", hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari ya maboya. Wala hospitali: mgonjwa mahututi kisiwani huenda akahitaji kusafirishwa Mombasa, na hapo bima isiyolipa ni balaa kuliko bunduki.

Nilimpigia mpwa wangu tena. Safari hii nilimwambia aje kwa ndege ndogo kutoka Nairobi, asome bima yake mstari kwa mstari kuhusu Lamu bara, na asikubali mtu amshawishi matembezi ya Kiwayu. Akakata tiketi.

Mama yake, dada yangu, naye alitaka kuwa msikiti wa Riyadha, Lamu, siku hiyo ya Maulidi. Nauli ya ndege hana. Hana bima, na hakuna wizara popote duniani iliyomwandikia onyo. Alipanda basi alfajiri. Saa tano kasoro simu ikalia.

"Tuko Gamba, twangoja magari yajae. Huyo mtoto ameshafika?"

Amefika zamani, nikamwambia. Yuko Shela anakunywa madafu.