Kiberingi Kimoja, Gari Zima Chini

Jamani, huyu Mjapani aliyeichora Corolla yangu ya 1997 alikuwa na ugomvi na nani?

Kilichokufa ni rilizi beringi tu, ile inayosukuma klachi iachie. Kidude cha kujaa kiganjani. Lakini alikokificha! Katikati ya injini na giaboksi, ndani kabisa, kama hela ya bibi. Plagi unazifikia hata bila kuinama. Hiki kinachofanya kazi kila ukikanyaga klachi ndicho kakizika.

Dalili ilikuwa hiyo hiyo siku zote: nikikanyaga klachi, kiiii, nikiachia, kimya. Fundi hata spana hakushika. "Bosi, hiyo rilizi. Ingelia ukiwa umeachia, ningesema beringi ya giaboksi, na hapo ningekuletea kiti kwanza." Nikauliza beringi bei gani, nikacheka. Nikauliza ufundi, kicheko kikakata.

"Bosi, hapo hulipii beringi. Unalipia njia ya kuifikia."

Na njia yenyewe nimeiona, nimekalia tairi bovu la Fuso. Betri ikatoka. Stata ikatoka. Oili ya giaboksi ikamwagwa kwenye dumu lililokatwa. Matairi ya mbele chini, shafti zikachomolewa, maunti zinazoshikilia injini zikafunguliwa, injini ikaning'inizwa kwa mnyororo. Halafu kuna bolti moja ya juu, upande wa kabini, ambayo nadhani tangu itoke kiwandani hakuna aliyewahi kuiona. Kijana wa fundi kazamisha mkono mpaka begani, kafumba macho, anaisoma kwa vidole. "Njoo basi mama, njoo, usinitese." Mke wangu sijawahi kumbembeleza hivyo, na naomba asisikie.

Giaboksi iliposhuka fundi akachungulia, akaguna. Fundi akiguna mimi hushika mfuko. "Bosi, klachi pleti imeisha. Presha pleti inayoibana nayo imechoka. Na hii oili sili inavuja, itakuja kulowesha pleti mpya. Tukifunga hivi, mwakani tunashusha tena."

Utabisha nini? Gari liko uchi mbele za watu, na kibaya zaidi anasema kweli: kazi ni kushusha, ukishashusha unabadilisha vyote. Nikapanda bodaboda kurudi Gerezani, kwenye maduka ya spea, nikanunua ukoo mzima wa ile beringi.

Jioni nakabidhiwa ufunguo na hotuba juu. "Kwenye foleni usiegeshe mguu juu ya klachi, ndiyo inayoua rilizi. Weka nyutro, achia."

Sawa, mwalimu. Ila huyu bwana anatembea kwa miguu, nyumbani kwake ni nyuma ya gereji. Mimi niko Barabara ya Mandela, foleni inasogea nusu mita, nyuma yangu lori la mafuta linanipigia honi, na nikigusa tu hiyo nyutro daladala imeshaingiza pua. Huo mguu niuweke wapi, dirishani?