Pweza kapanda bei, kitoweo kimetoweka

Juzi niliuliza bei ya pweza sokoni, nikarudi nyumbani na maharage. Muuzaji alinieleza kwa furaha kwamba pweza siku hizi ana soko: hoteli zinamtaka, wanaosafirisha nje wanamtaka. Sikubishana naye. Lakini nimekulia pwani ya mashariki ya Unguja, na huko pweza alikuwa kitoweo cha asiye na chombo.

Bamvua likifika, maji yakapwa mpaka mwamba ukatoka nje, bibi yangu alijifunga kanga kiunoni akashika chuma cha kumchokolea pweza na kikapu. Hakuhitaji ngalawa wala nyavu. Alihitaji jicho tu: akiona maganda ya kaa yamerundikana mlangoni mwa tundu, mwenyewe yumo. Jioni sisi wajukuu tulikuwa tukimbwaga pweza juu ya jiwe ili alainike.

Leo kina mama wanaokwenda kwa miguu wanarudi na vikapu vyepesi. Vijana wenye miwani ya kuzamia wanamfuata pweza kwenye kina, bamvua na maji mafu, hata bahari isipokupwa sana. Mwamba wenyewe umechoka. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi mwambao huu, na baruti na majuya ya kuburura vikamalizia. Halafu anayelaumiwa ni mama wa chuma, eti anakanyaga matumbawe. Anakanyaga, ndiyo. Lakini baruti hakurusha yeye.

Pweza hana umri mrefu, mwaka na ushei basi. Jike hutaga mara moja tu, hukaa na mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimchokoa kabla, umeondoka na ukoo mzima. Ila hukua haraka mno, ndiyo maana kufunga mwamba, yaani kutomvua pweza hapo, kwa miezi michache kunalipa. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza 2004, na Kisiwa Panza kule Pemba nao wamefunga miamba yao kwa zamu.

Naunga mkono kufunga. Ninachouliza ni habari ya siku ya kufungua: nani anatangulia? Aliyevumilia miezi yote bila kitoweo ni yule asiyeweza kwenda kuvua kwingine, na mwenye boti ya mashine ndiye anayewahi kufika. Mimi ningesema hivi: mwamba ufunguliwe bamvua, na siku tatu za mwanzo ziwe za chuma na kikapu. Miwani ibaki nyumbani.